Kijivu cha Kure hakipandi ndege

Karakana za jeshi la majini la Japani wakati wa vita vya pili vya dunia hazikutumia kijivu kimoja. Kure walikuwa na chao, Sasebo chao, Maizuru chao. Kampuni ya modeli ya Tamiya ya Shizuoka imeviweka vyote kwenye vichupa: XF-75 ni kijivu cha Kure, XF-77 cha Sasebo, XF-87 cha Maizuru. Asiyehusika ataviona vyote vitatu na kusema ni rangi ya jivu. Aliyetumia miezi kuunganisha modeli ya manowari Yamato ya kipimo cha 1 kwa 350, dude la sentimita 75 lenye mizinga na ngazi nyembamba kama unywele, hatakubali. Yamato iliundwa Kure, basi anataka kijivu cha Kure.

Modeli yenyewe haimsumbui. Plastiki ni plastiki. Inafungwa kwenye boksi, inapelekwa posta ya Japani, inamfikia mteja aliyeko Marekani, Ujerumani au Uingereza. Rangi ndiyo inayokwama. Na inakwama zaidi ile inayotakiwa zaidi: rangi za laka kama Mr. Color ya GSI Creos, zinazouzwa kwa vichupa vya mililita 10. Wenye fani wanazing'ang'ania kwa sababu zinashika plastiki barabara, zinakauka kwa dakika chache, na ukoko wake ni mwembamba. Wembamba huo ni muhimu kuliko anavyodhani mtu wa nje. Kwenye ndege ya kipimo cha 1 kwa 72, rangi nzito inafukia ribiti na mistari ya mabati, na kazi ya wiki nzima inageuka kitu kilichochovywa kwenye uji.

Kwa nini zinakwama? Kwa sababu zinashika moto. Laka na tina yake ni vimiminika vya kuwaka, na hata rangi za akriliki za Tamiya, ambazo wengi hudhani ni za maji, zina pombe ya isopropili ndani. Katika vitabu vya usafirishaji zinaingia daraja la 3 la mizigo ya hatari, chini ya namba UN1263. Posta ya kimataifa haipokei kimiminika cha kuwaka, iwe pipa au kichupa. Mkebe wa kupulizia nao una namba yake, UN1950, na unakataliwa vilevile.

Wenye ndege wana sababu zao. Tarehe 11 Mei 1996 ndege ya ValuJet ilianguka kwenye vinamasi vya Florida na kuua watu wote 110 waliokuwamo. Kwenye tumbo lake kulikuwa na vifaa vya kuzalisha oksijeni vilivyoandikwa kwenye karatasi kwamba ni mitungi mitupu. Havikuwa vitupu. Kwa hiyo anayemwomba muuzaji aandike "vifaa vya sanaa" au "wino" juu ya boksi la laka, ili lipite, haombi upendeleo mdogo. Wapo wanaofanya hivyo, na wapo wanaojisifu kwa hilo. Mimi siwaungi mkono hata kidogo.

Lakini kukubali kwamba moto ni hatari hakutulazimishi kukubali kwamba kanuni zimepangwa kwa haki. Tazama abiria. Kanuni za usafiri wa anga zinamruhusu kubeba manukato na dawa za nywele hadi lita 2, mradi kila chombo kisizidi nusu lita. Anaruhusiwa pia kubeba lita 5 za pombe kali ya dukani, ya hadi asilimia 70. Manukato kwa sehemu kubwa ni ethanoli, na ethanoli haiwaki kwa upole kuliko isopropili. Abiria huyohuyo akiweka kichupa kimoja cha laka kwenye begi, amevunja sheria. Tofauti iko kwenye idadi ya wanaoathirika: wanaopaka manukato ni mamilioni, na hakuna shirika la ndege litakalowanyang'anya wote wakalipenda. Wanaounda modeli ni wachache, nao wametawanyika.

Mfano wa pili ni wa simu. Betri za lithiamu zimeshawasha moto ndani ya ndege za mizigo. Iliyoanguka Dubai Septemba 2010 ikiwa na marubani wawili ilikuwa imesheheni betri za aina hiyo. Pamoja na hayo, kuanzia 2013 kanuni za anga ziliruhusu posta kubeba betri za lithiamu zikiwa ndani ya kifaa chake, kwa idadi ndogo na kwa idhini ya mamlaka ya anga ya nchi husika. Dunia nzima ilikuwa inaagiza simu kwa posta, hivyo mlango ukatafutwa na ukapatikana.

Ajabu ni kwamba mlango wa rangi upo tayari kwenye vitabu. Kanuni zilezile zinazoiita UN1263 mzigo wa hatari zina kifungu cha kiasi kilichosamehewa: chombo cha ndani kisizidi mililita 30, boksi lote lisizidi nusu lita au lita moja kutegemea ukali wa rangi, vifungio viwe imara, na boksi libandikwe alama maalumu. Mr. Color ni mililita 10. Tamiya ni 10 au 23. Zote zinaingia. Ila kifungu hicho ni cha mizigo ya kibiashara inayotumwa na watu waliofunzwa, posta haimo. Kampuni za vifurushi nazo zina hiari ya kukataa, na vichupa sita vya rangi si biashara ya kumkosesha mtu usingizi.

Ulaya kuna ukuta mwingine, nao hauhusu ndege. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya lebo za kemikali inataka maonyo yaandikwe kwa lugha ya nchi ambako bidhaa inauzwa. Tangu Januari 2021, michanganyiko ya hatari inayouzwa kwa watumiaji wa kawaida inatakiwa pia iwe imeandikishwa kwa vituo vya sumu na kupewa namba yake ya utambulisho, ili mtoto akinywa, daktari ajue amekunywa nini. Siwezi kuipinga sheria ya namna hiyo. Ila mwagizaji mdogo mwenye rangi zaidi ya mia kwenye katalogi anapiga hesabu ya lebo na usajili, kisha analeta nyeusi, nyeupe na kijani cha vifaru. Kijivu cha Maizuru kinabaki Japani. Uingereza, baada ya kujitoa kwenye Umoja huo, ina utaratibu wake, kwa hiyo makaratasi yanaanza upya.

Watu wengi wamehamia rangi za maji kabisa, hasa Vallejo ya Hispania, ambazo zinapita posta bila kelele. Ni rangi nzuri kwa brashi. Kwa kupuliza zinahitaji subira na praima ya kutosha, na ukibandika utepe juu yake bila uangalifu zinang'oka nao. Hazijaziba pengo la laka.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ana haki ya kucheka kidogo. Magari yaliyotumika ya Kijapani yanashushwa bandarini kwake meli kwa meli, na kichupa cha rangi kutoka nchi hiyohiyo hakifiki kwa posta. Ana ahueni moja: maduka ya rangi za magari yanachanganya rangi kwa kuangalia sampuli, na laka yao si ya ukoo wa mbali na hii. Atakayejaribu aikwepe ile ya kuchanganywa na hadina, kwa sababu mvuke wake unadhuru mapafu, na hata ile nyingine asiimwage kwa wingi. Tina kali ya magari inayeyusha plastiki ya modeli. Ipulizwe kwa matabaka mepesi, na ijaribiwe kwanza kwenye fremu ambako vipande vilikatwa.

Dai la haki hapa ni dogo. Nchi wanachama wa Umoja wa Posta Duniani, pamoja na wasimamizi wa anga, waingize kile kifungu cha mililita 30 kwenye posta, kwa masharti: watumaji wawe maduka yaliyosajiliwa na kufunzwa, kila boksi litangazwe wazi lina nini, na atakayedanganya afutwe. Vyama vya waundaji modeli ndivyo vinavyopaswa kulipeleka dai hili, badala ya kufundishana jinsi ya kuficha chupa. Kwa sasa njia halali ya uhakika ni kontena: duka linaagiza katoni kwa meli na kulipia makaratasi ya mzigo wa hatari, nawe unalipa bei ya duka na kusubiri zamu ya meli.