Aliyemzaa Ana Haki ya Kujua



Katika Misa nyingi za Dominika twawaombea wanajeshi wetu. Ombi lile huchukua nusu dakika, kisha twaendelea na matoleo. Hatuulizi ni mama yupi, kati ya hao waliosimama nasi, ambaye mumewe yuko Somalia na ambaye hajapata simu kwa wiki tatu. Leo twataka kujiuliza swali hilo, na twataka kuwauliza wenye mamlaka jingine lililo zito zaidi.

TUONE

Oktoba 2011 askari wetu walivuka mpaka katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi. Mwaka uliofuata waliingizwa rasmi katika kikosi cha Umoja wa Afrika. Kikosi hicho kimebadilishwa jina mara mbili, mwaka 2022 na mwaka 2025. Maisha ya familia hayakubadilika. Baba huondoka. Mama hubaki na karo, shamba, wakwe, na redio anayoiogopa kila saa ya taarifa ya habari.

Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab waliishambulia kambi ya askari wetu huko El Adde. Wengi waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Miili iliporudishwa, baadhi ilibidi itambuliwe kwa vipimo vya DNA, huku jamaa wakingoja. Tarehe 27 mwezi huo ibada ya kumbukumbu ilifanyika Eldoret, marais watatu wakihudhuria. Hotuba zilitolewa, idadi ya waliokufa haikutolewa. Mwezi uliofuata Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja askari wapatao 180. Jeshi letu likakanusha, lakini halikutoa hesabu yake lenyewe. Miaka imepita, na taifa bado halijaambiwa.

TUAMUE

Twaambiwa kwamba hizo ni siri za vita. Twakubali kwamba vita vina siri: njia ya msafara, wingi wa silaha, saa ya kushambulia. Kifo cha mtoto wa mtu si siri ya namna hiyo. Aliyemwua anajua, aliyemzaa ndiye asiyejua. Siri ambayo adui anaijua na mama haijui haimlindi askari hata mmoja. Inawalinda wale tu ambao wangepaswa kujibu kwa nini kambi ile ilizidiwa.

Twaambiwa pia kwamba askari alijiandikisha kwa hiari na analipwa mshahara. Ni kweli, alikula kiapo. Mtoto wake wa darasa la pili hakula kiapo. Tena Katiba yetu ya 2010, ibara ya 240, yataka idhini ya Bunge ili majeshi yapelekwe nje ya nchi. Basi wametumwa kwa jina letu. Tukiwatuma kwa jina letu, hatuwezi kuwazika pasipo kuwahesabu.

Kumbukumbu la Torati 24:5 laamuru kwamba mume aliyeoa karibuni asiende vitani kwa mwaka mzima, bali akae nyumbani na kumfurahisha mkewe. Hata taifa lililozungukwa na maadui lilijua kwamba vita havina ruhusa ya kula kila kitu. Sisi twashindwa hata kumpa mjane jibu!

TUTENDE

Tusiinyoshee serikali kidole tu, kwani dhambi nyingine ni zetu. Mke wa askari husengenywa akionekana akizungumza na fundi aliyekuja kutengeneza paa. Husemwa ana pesa, na msaada wa jumuiya humpita. Akifiwa, wakwe huanza kujadili mafao kabla matanga hayajaisha. Na kama aliolewa kimila, na ndoa haikuandikishwa, siku ya kudai haki yake hujikuta hana karatasi hata moja.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kila jumuiya ndogo ndogo izijue familia zake zenye askari aliye mbali, na izitembelee kabla ya msiba, si baada yake. Makatekista na viongozi wawasaidie wanandoa hao kuandikisha ndoa zao na kupata vyeti vya kuzaliwa vya watoto, askari angali hai. Na Tume ya Haki na Amani ya kila parokia imwandikie mbunge wake kuuliza: Ni wangapi waliokufa? Familia zao zimepewa nini? Ibara ya 35 yatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kuuliza si uasi.

MASWALI YA JUMUIYA

1. Je, twazifahamu familia za askari zilizo kati yetu? Mara ya mwisho tulibisha hodi kwao lini?
2. Ni nani atakayeandika barua hiyo, na itapelekwa siku gani?