MASTAA NA LAND ROVER ZA KIKI: RANGI MAMILIONI, MKANDA WA MTOTO SIFURI

Wadau, leo tuongee kikubwa. Mapovu ruksa, ila soma mpaka mwisho kwanza.

Wikiendi iliyopita staa mmoja wa hapa mjini, jina kapuni, kaposti gari lake jipya la zamani. Land Rover 110 imepigwa rangi ya mchanga, taa zimepangwa juu kama za uwanjani, winchi mbele, hema juu ya keria, tairi zimetoka nje ya bodi. Kepsheni inatangaza kuwa familia nzima inaingia porini. Like kama mvua.

Nikaiangalia ile video mara tatu. Mara ya kwanza niliifurahia kama nyie. Mara ya pili nikaona watoto wawili nyuma, kwenye yale mabenchi ya kutazamana, mmoja kasimama kabisa anachungulia dirishani na gari linakula lami. Mara ya tatu nikatafuta mkanda. Hakuna hata mmoja.

Na sio yeye peke yake. Kuna mtangazaji fulani, kuna mchekeshaji, kuna yule dada wa vipodozi na mumewe. Stori ni ile ile: gari bovu linaokotwa, linapakwa, linapigwa picha, watoto wanapakiwa nyuma kama mizigo ya sokoni.

Kabla hujaniita mchawi, jua kwamba haya magari nayapenda. Tamasha la Land Rover la Arusha mwaka 2024 lilinimalizia bando kwa kuangalia ule msururu. Kumpeleka mtoto porini na gari ulilolifufua ni jambo zuri kuliko kumnunulia tableti. Ugomvi wangu ni jinsi mnavyolifufua.

Tuambizane ukweli wa gari lenyewe. Land Rover ilianza kuonyeshwa mwaka 1948. Hizi namba 109 na 110 mnazozitaja kwa mbwembwe ni inchi kati ya tairi ya mbele na ya nyuma. Umbo lile la zamani liliacha kutengenezwa Solihull, Uingereza, Januari 2016, na mpaka la mwisho linatoka kiwandani halikuwa na eabegi. Kwa hiyo ukigonga, cha kumshika mtoto ni mkanda tu, na wewe hujaufunga.

Halafu bodi yake ni aluminiamu, inang'aa miaka na miaka. Chesisi ni chuma, na mara nyingi inaoza kuanzia ndani, hasa hapa Dar kwenye upepo wa chumvi. Unaweza kuwa na gari la kupigia picha ya harusi juu, chini unaingiza bisibisi kwenye chesisi kama unachoma kiazi. Rangi haijawahi kuponya kutu.

Mkainua springi ili gari lionekane jitu. Sawa, mipira ya breki mmebadilisha? Maana gari likinyanyuka, ile ya zamani inakuwa mifupi. Mkapandisha hema na madumu juu ya keria. Mzigo ukikaa juu, gari linapinduka kirahisi kwenye kona. Mafuta ya breki je? Yale hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa. Shuka nayo Kitonga huku umekanyaga breki mwanzo mwisho, yanachemka, pedali inazama mpaka chini na gari halisimami. Na pale Kitonga upande mmoja ni mwamba, upande mwingine ni korongo.

Fundi mmoja ninayemfahamu anasema wateja wa siku hizi wanajenga gari kuanzia juu kwenda chini. Akiwaambia breki kwanza, wanamwambia hizo tutaziangalia baadaye, kuna shuti Jumamosi.

Mjomba wangu wa Iringa yeye aliokota 109 nyuma ya ghala, kuku wanatagia ndani. Akahangaika nayo mwaka mzima na ushee. Hela ya kwanza ilienda kwenye chesisi. Ya pili breki zote, na paipu zake. Ya tatu aling'oa yale mabenchi, akafunga siti zinazotazama mbele zenye mikanda, akazishikiza kwenye chesisi badala ya bati la sakafu. Hela ya rangi haikupatikana. Gari lina rangi tatu, akija kutuchukua shuleni tunajificha.

Likizo akatupeleka Ruaha. Njia ya vumbi, tumeshapita Tungamalenga, ng'ombe akakatiza ghafla. Mjomba alikanyaga breki, sote tukarushwa mbele, mikanda ikatudaka. Kilichomwagika ni soda ya binamu yangu. Mjomba alishuka, akazunguka gari, akatuhesabu mmoja mmoja, akarudi kwenye usukani bila kusema neno. Sijaionea aibu ile 109 tena.

Najua mtakachosema: gari lake, hela yake, tusipangiane maisha. Nakubali, jikwangue na gari lako ukiwa peke yako. Lakini mtoto wa miaka minne hakuchagua kukaa kwenye benchi. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, gari linaenda mita 22 kila sekunde. Likisimama ghafla, yeye anaendelea na safari. Pia mtasema sisi wote tulikua tukipanda nyuma ya pikapu na tuko hai. Ambao hawako hai hawakomenti.

Na kuna wanaokuiga. Kijana ana hela ya mawazo, kaona mzuka wako, kaenda gereji kuulizia taa na keria. Hakuulizia breki kwa sababu wewe hukuzionyesha.

Kwa hiyo staa wetu, posti ijayo ingia chini ya uvungu na kamera. Tuonyeshe chesisi. Tuonyeshe zile tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tuonyeshe watoto wakifunga mikanda, na umtaje fundi aliyelala kwenye grisi wakati wewe unapiga selfi. Hiyo ndiyo kiki nitakayokupa like bila kinyongo.

Wewe mdau, ungempandisha mwanao? Dondosha komenti, na matusi tuyaache nyumbani.