Taa Kuwaka Si Habari Kufika



Tangu tarehe 1 Februari 1999, meli za mizigo za tani 300 na zaidi ziendazo ng'ambo zalazimika kuwa na mitambo kamili ya kuombea msaada. Nyingi zina ule upelekao habari kwa setilaiti, iliyo juu yetu kilomita 36,000 hivi. Sisi huona taa inawaka, tukaridhika. Nami niliridhika, katika chombo kimoja kilichotoka Kilindini, mpaka ofisa wa zamu aliponionyesha kioo: mtambo haukuwa umeshika setilaiti hata kidogo. Kumbe taa ile ni ya umeme tu!

Yafaa kutazama kama mtambo umeshika setilaiti ya Bahari ya Hindi, na kama mahali na saa vilivyoandikwa ni vya sasa, si vya jana. Tena, habari iliyopelekwa imejibiwa kwamba imepokewa?

Katika majahazi ya Mji wa Kale kijana alijifunza nyota ubavuni mwa nahodha. Leo kioo kimeachiwa maofisa peke yao. Nao wakiumia, nani atakisoma? Chama na kidai kwa wenye meli kila baharia afundishwe kabla chombo hakijang'oa nanga. Ni kazi ya nusu saa.