UCHANGANUZI: Nyangumi anaporuka, haruki kwa ajili ya mtalii

KILA mwaka, hasa kati ya Julai na Septemba, nyangumi wenye nundu huwasili katika maji ya Watamu, Kilifi na Diani kutoka bahari baridi za Antaktika. Huja kujamiiana na kuzaa.

Mnyama huyo wa takriban tani 30 hujirusha juu ya maji na kuanguka kwa kishindo. Wakati mwingine huyachapa maji kwa mkia au kwa pezi lake refu, ama huchomoza kichwa wima kana kwamba anachungulia.

Kwa mtalii, hiyo ni burudani. Kwa wanasayansi, huenda ni mazungumzo. Watafiti waliochunguza nyangumi hao mashariki mwa Australia waliripoti mwaka 2016 kwamba wao huruka zaidi kundi jirani linapokuwa umbali wa zaidi ya kilomita nne. Kishindo husafiri mbali chini ya maji, na husikika hata upepo unapofunika sauti zao nyingine.

Hapo ndipo penye tatizo. Msimu huu huangukia wakati wa kusi, bahari inapochafuka na wavuvi wa vyombo vidogo kushindwa kwenda mbali. Kubeba watalii ni riziki ya halali, na hakuna anayepaswa kuwalaumu manahodha kwa kuitafuta. Hata hivyo, ushindani wa kumkaribia mnyama huyo zaidi unaweza kuiua biashara yenyewe.

Nyangumi anayenyonyesha huku Pwani huishi kwa mafuta aliyohifadhi mwilini akiwa kusini, kwani hali karibu chochote. Boti inapomfukuza, anateketeza akiba ambayo ingekuwa maziwa ya mtoto wake, naye mtoto ana safari ya maelfu ya kilomita mbele yake. Isitoshe, ngurumo za injini huvuruga mawasiliano yao.

Australia, ambayo ina biashara kubwa ya utalii wa aina hii, hairuhusu boti kumsogelea nyangumi chini ya mita 100, na watalii hawajaacha kumiminika huko. Manahodha wa Pwani wanaweza kukubaliana kuhusu umbali kama huo, kupunguza mwendo na kutomzingira mama mwenye mtoto, nayo serikali ikahakikisha hakuna anayekiuka ili kumpiku mwenzake.

Biashara hii inategemea mgeni anayerudi kwa hiari yake kila mwaka. Wahenga walisema, mwenye pupa hadiriki kula tamu.