Kikokotoo chako kinadanganya wachezaji

Jamani, nimechoka na hizi programu za kukokotoa madhara ya shambulio. Unajaza nguvu, unajaza silaha, inakutolea nambari moja kubwa: 25! Waliozitengeneza ni waprogramu wenzangu, kwa hivyo nasema wazi: hiyo si hesabu, ni tangazo la biashara.

Chukua Dungeons & Dragons toleo la 3.5, lililotoka mwaka 2003. Kuna uwezo uitwao Power Attack. Unapunguza pointi kadhaa kwenye shabaha yako, na ukiwa na silaha ya mikono miwili, kila pointi uliyopunguza inaongeza madhara 2. Yaani unanunua nguvu na unalipa kwa uhakika wa kupata. Programu inayoonyesha ulichonunua na kuficha bei ni ya nini?

Haya, tupige hesabu. Mpiganaji wa ngazi ya 6 anajumlisha 11 kwenye dadu ya pande 20. Upanga wake ni dadu 2 za pande 6 na nyongeza ya 6, wastani 13. Anaruhusiwa kupunguza hadi pointi 6. Mapigo ya bahati tuyaweke kando.

Adui mwenye kinga 16:
- asipopunguza: 80% ya 13 = 10.4
- akipunguza zote 6: 50% ya 25 = 12.5
- akipunguza 5: 55% ya 23 = 12.65

Adui mwenye kinga 24:
- asipopunguza: 40% ya 13 = 5.2
- akipunguza zote 6: 10% ya 25 = 2.5
- akipunguza 1: 35% ya 15 = 5.25

Mmeona? Ile 25 haikushinda hata mara moja. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Najua kuna atakayesema, "Basi tuonyeshe wastani, yaishe." Hayaishi! Tuseme yule adui wa kinga 16 amebakiwa na uhai 7. Upanga ule hata ukitoa 1 na 1 unafikisha 8, kwa hivyo pigo lolote linamwangusha. Kumwangusha bila kupunguza ni 80%. Ukifuata wastani "bora" ni 55%. Mwenzako yuko chini anavuja damu, na programu yako imemnyang'anya nafasi 5 kati ya 20.

Dawa yake si ngumu. Uliza kinga ya adui na uhai uliobaki. Zungusha kitanzi kutoka 0 hadi 6, ukikumbuka kwamba 1 hukosa daima na 20 hupata daima. Onyesha jedwali lote, mchezaji achague. Mistari kumi ya msimbo, labda kumi na miwili.

Hata Great Weapon Master ya mwaka 2014, iliyotoza 5 na kulipa 10, ilihitaji swali hilo hilo: dhidi ya nani?

Kama kikokotoo chako hakiulizi, kizime. Unabisha? Leta hesabu zako.