Fedha za soka haziwaendei wapambe

WIKI hii tunaziweka kando bei za mazao na hisa, tuzungumzie bidhaa nyingine inayouzwa hapa Kariakoo ingawa haina kibanda wala mzani. Bidhaa hiyo ni nafasi ya kazi katika michezo.

Mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, mtu ninayemheshimu na ambaye duka lake liko hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, alinifuata na swali. Kijana wake amemaliza stashahada ya uhasibu na hataki kusikia habari za benki wala za duka la baba yake. Anataka mpira, si kuucheza, bali kufanya kazi katika klabu. Mzee ametenga Sh. 3 milioni za kumsaidia. Sasa kiongozi mmoja wa klabu, ambaye simtaji yeye wala klabu yake, ameahidi "kumwingiza kijana" endapo fedha hizo zitatolewa kama shukrani. "Ndugu yangu, wewe unajua mambo ya soko," akaniambia. "Niziweke hapo?"

Kwanza nilimwambia kwamba kijana wake si mpumbavu. Wengi wetu tulikulia katika zama za mfadhili, pale klabu ilipokuwa mfuko wa tajiri mmoja na wanachama wa kujitolea. Zama hizo zimebadilika. Desemba 2017 Simba walimpata mwekezaji wa asilimia 49 kwa Sh. 20 bilioni. Mei 2021 TFF na Azam Media walitia saini mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wa miaka kumi, wenye thamani ya Sh. 225.6 bilioni. Fedha za namna hiyo haziandikwi kwenye daftari la mahudhurio. Zinahitaji mhasibu, mwanasheria, mtu wa masoko, ofisa habari, daktari na mtu wa usalama uwanjani. Na hilo si ombi tu: CAF katika kanuni zake za leseni za klabu hudai baadhi ya nafasi hizo zijazwe na watu wenye sifa, kabla klabu haijaruhusiwa kucheza mashindano yake.

Kwa hiyo kazi zipo. Ugomvi wangu na mzee ulikuwa juu ya neno moja, kujuana.

Katika nchi yetu neno hili limechafuka. Ukisema fulani amepata kazi kwa kujuana, umeshamtukana. Lakini mfanyabiashara yeyote anajua kwamba bila kujuana hakuna mkopo wa mzigo, hakuna anayekupigia simu kukuambia meli imetia nanga. Michezo ni hivyo hivyo, tena zaidi, maana nafasi nyingi za klabu huzungumzwa vijiweni kabla hazijatangazwa popote. Tatizo ni kujua unajuana na nani, na anakufahamu kwa lipi.

Mimi mwenyewe niliwahi kulipia somo hili. Miaka kadhaa iliyopita niliiuzia klabu moja ya daraja la chini jezi 600 kwa sababu katibu wake alikuwa mtu wa kijijini kwetu. Mkataba haukuwapo, tulipeana mikono na soda. Uchaguzi ukafika, katibu akaanguka, na uongozi mpya ukaniuliza kwa adabu kabisa niwaonyeshe karatasi. Sikuwa nayo. Nilikuwa najuana na mtu, sijuani na ofisi. Kijana anayeingizwa na kiongozi kwa Sh. 3 milioni atatoka kwa mlango uleule siku kiongozi huyo atakapotoka, na katika klabu zetu viongozi hawakawii kutoka.

Watu hunijibu kwa kumtaja Hersi Said. Wanasema naye si alibebwa na tajiri? Ni kweli kwamba huyu ni mhandisi aliyeingia Yanga kupitia kampuni ya GSM, wadhamini wa klabu. Julai 2022 akachaguliwa rais wa klabu, na mwishoni mwa 2023 viongozi wa klabu za Afrika wakamchagua mwenyekiti wa chama chao. Mimi nasoma habari hii kinyume na wapambe. GSM waliweza kumfungulia mlango wa Jangwani. Lakini kiongozi wa klabu ya Cairo au Casablanca hana deni na GSM; huyo lazima umpe sababu nyingine ya kukujua.

Na sababu hiyo mara nyingi ni karatasi. Tazama mfano huu, ambao ningependa kila mwenye timu ya mchangani aukate na kuuweka ukutani. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa malezi kati ya 12 na 15 unastahili asilimia 0.25 ya bei; kila mwaka kati ya 16 na 23 unastahili asilimia 0.5. Sasa chukua kijana aliyekaa klabu ndogo ya mkoani kuanzia msimu wa miaka 16 hadi wa miaka 19, misimu minne. Akiuzwa siku moja Ulaya kwa dola milioni moja, klabu ile ina haki ya dola 20,000. Kwa Sh. 2,500 kwa dola, hizo ni Sh. 50 milioni.

Klabu ngapi za mkoani zimewahi kuona Sh. 50 milioni kwa mkupuo? Lakini tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia ofisi maalumu ya FIFA, nayo hutazama kumbukumbu za usajili: mchezaji aliandikishwa wapi, tarehe gani, akaondoka lini. Kama katibu aliandika jina kwenye kipande cha boksi, au alimpunguzia kijana miaka miwili ili acheze ligi ya vijana, dai linaweza kufia hapo. Mhasibu mwenye stashahada na subira, akijua mfumo wa usajili, anaweza kuiletea klabu fedha kuliko mshambuliaji. Huyo hahitaji kuingizwa, maana watu watamfuata wenyewe.

Uwakala nao umebanwa. Kati ya 2015 na 2023 karibu kila mwenye simu alijiita wakala. Aprili 2023 FIFA ikarudisha mtihani: maswali 20, saa moja, upate angalau 15. Mtihani huo haukuwekwa kwa Kiswahili, na hapo vijana wetu wengi wamekwama hata kabla ya kufungua kanuni.

Basi ushauri wangu kwa mzee ulikuwa huu. Fedha zigawanywe. Sehemu imlipie kijana masomo ya Kiingereza cha mikataba na kozi ya utawala wa mpira. Sehemu iwe nauli na chakula kwa mwaka mmoja, akajitolee katika timu ya mchangani au chama cha soka cha wilaya, asimamie usajili na vitabu vya fedha, ajulikane kwa waamuzi, makamishna na makatibu kama mtu ambaye faili zake hazipotei. Waliojitolea katika CHAN ya Agosti 2025 walifahamiana na watu wa aina hiyo kwa mwezi mmoja tu, na fainali za AFCON 2027 zilipewa Tanzania, Kenya na Uganda tangu Septemba 2023. Laki chache zibaki benki.

Mzee alisikiliza, akanunua kahawa, akasema njia yangu ni ndefu. Ni kweli, ni ndefu. Ninapoandika haya hajaamua bado, na yule kiongozi ameshampigia simu mara mbili.