UCHAMBUZI: Watafiti hufika Nakivale kuuliza. Nani hurudi na majibu?

Barabara itokayo jiji la Mbarara kuelekea wilaya ya Isingiro hupitiwa na malori ya ndizi, bodaboda na magari ya mashirika ya misaada. Hupitiwa pia na wageni wasiozungumzwa sana: watafiti. Hubeba madodoso, vishikwambi, na pengine vifaa vya kupimia damu. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale wanakokwenda yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko nchini mwao, na ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi barani Afrika.

Kwa mwanasayansi, Nakivale ni mahali pa nadra. Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea wanaishi katika eneo moja, tena karibu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989. Wakaaji wake wameulizwa kuhusu vita walivyovishuhudia, virusi vya UKIMWI, ndoto mbaya za usiku, biashara zao na mlo wao.

Wakati huu ambapo fedha za utafiti na za chakula zinapungua kwa pamoja, maswali mawili yanahitaji jibu. Je, aliyekubali kuhojiwa alielewa anachokikubali? Na matokeo yalipopatikana, je, yalimrudia?

Deni la watu 277

Mfano wenye uzito ni wa mwaka 2008. Mwaka huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani, wakiongozwa na mwanasaikolojia Frank Neuner, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Nakivale. Mmoja wa waandishi wa makala hiyo alikuwa Mganda, Patience Lamaro Onyut. Walioshiriki walikuwa wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia, wote wakiwa na maradhi ya akili yanayotokana na kiwewe cha vita.

Washiriki waligawanywa kwa kura. Watu 111 walipata tiba ya kusimulia maisha yao hatua kwa hatua, pamoja na yale ya kutisha, na wengine 111 walipata ushauri nasaha wa kawaida. Watu 55 waliosalia hawakupewa tiba. Hali yao ilifuatiliwa tu, ili makundi mawili ya kwanza yapate cha kulinganishwa nacho. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa washauri wasio na taaluma ya utabibu, waliopewa mafunzo ya muda mfupi.

Mwishoni, asilimia 70 ya waliosimulia maisha yao hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Katika kundi la ushauri nasaha ilikuwa asilimia 65, na katika kundi lisilotibiwa asilimia 37. Funzo lake lilivuka mipaka ya Uganda: pasipo daktari wa akili, mtu wa kawaida akifunzwa vyema aweza kumponya jirani yake.

Tuitazame ile asilimia 37. Bila wale 55 tusingejua kwamba zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa hupata nafuu hata wasipotibiwa, na sifa yote ingepewa tiba. Hao ndio waliotoa zaidi na kupokea kidogo. Sayansi haina njia nyepesi ya kulikwepa jambo hili, kwani bila kundi la kulinganishia hakuna ushahidi. Lakini kadiri mtu anavyotoa zaidi, ndivyo anavyostahili zaidi kuelezwa tangu mwanzo atawekwa wapi na kwa nini, na mwishoni kuambiwa mchango wake ulizaa nini.

Makala ya matokeo hayo ilichapishwa kwa Kiingereza, katika jarida la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani ambalo kwa kawaida husomwa kwa malipo. Mkimbizi anayezungumza Kinyarwanda au Kisomali angekutana na kuta mbili kabla ya kuyafikia maelezo yanayomhusu mwenyewe: ukuta wa lugha na ukuta wa fedha.

Maneno yanayoteleza

Miongozo ya taifa ya utafiti unaohusu binadamu, iliyotolewa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda mwaka 2014, inataka maelezo ya ridhaa yatolewe kwa lugha anayoielewa mshiriki. Sharti hilo ni jema. Hata hivyo, sisi tunaoishi kwa kazi ya kutafsiri twajua kwamba fomu yaweza kuwa ya Kiswahili tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na bado isieleweke.

Chukua neno “utafiti” lenyewe. Mtu aliyesoma Tanzania au Kenya halimpi taabu. Aliyekulia Bukavu au Uvira, akizoea Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa, huenda akalijua jambo hilo kwa neno la Kifaransa tu. Mfasiri akikimbilia neno “uchunguzi”, anaingia pabaya zaidi, maana uchunguzi hufanywa na daktari, na hufanywa pia na polisi. Kwa mtu aliyewakimbia watu wenye sare, kuambiwa kwamba atafanyiwa uchunguzi si habari ya kutuliza moyo.

“Jaribio” nalo lina kivuli chake. Kufanyiwa majaribio, masikioni mwa wengi, ni kutendewa kama panya wa maabara. Na mgawanyo wa makundi ukitafsiriwa kuwa “bahati nasibu”, msikilizaji hufikiria tiketi na zawadi. Akiangukia kundi lisilotibiwa atajiona amekosa bahati, ilhali hakuna aliyejua kwa hakika kama tiba hiyo ingemsaidia. Kujua hilo ndiko kulikokuwa kusudi la utafiti wote.

Kuna pia sahihi. Katika maisha ya makazini, mtu hutia sahihi au alama ya dole ili apokee kitu: chakula, fedha, hati. Ni rahisi basi kudhani kwamba karatasi ya mtafiti nayo hufungua mlango wa msaada, au kwamba majibu mazuri yatasukuma mbele faili la kuhamishiwa nchi ya tatu. Fomu yaweza kusema “hutapata faida ya moja kwa moja” na maneno hayo yakapita hewani, kwa sababu tendo lenyewe la kutia sahihi limekwisha kusema kinyume.

Dawa ya hili inajulikana. Tafsiri hupewa mtu mwingine airudishe katika lugha ya awali ili tofauti zionekane. Baada ya hapo fomu husomwa mbele ya wakaaji wachache wa makazi, kila mmoja akaombwa aeleze kwa maneno yake alichokisikia. Hatua hii ya pili ndiyo inayofichua kasoro nyingi, na ndiyo hurukwa upesi muda unapokuwa mfupi.

Kwa wasiosoma, sauti yafaa kuliko karatasi. Kaskazini mwa Uganda, katika makazi ya Rhino Camp, jaribio la njia ya kupunguza msongo wa mawazo lililochapishwa mwaka 2020 liliwahusisha wanawake 694 kutoka Sudan Kusini. Mafunzo yalitolewa kwa sauti iliyorekodiwa katika Kiarabu cha Juba, lugha wanayoizungumza. Ikiwa tiba yaweza kurekodiwa kwa lugha ya watu, maelezo ya ridhaa na ya matokeo nayo yaweza.

Hiari ya mwenye njaa

Ridhaa inahitaji pia nafasi ya kukataa. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitangaza kwamba, kwa uhaba wa fedha, watu milioni moja nchini Uganda wameondolewa kwenye mgao wa chakula. Wakati huo nchi ilikuwa inahifadhi zaidi ya wakimbizi milioni 1.8, idadi kubwa kuliko nchi nyingine yoyote barani Afrika.

Katika hali hiyo, kiasi kidogo ambacho mtafiti hutoa kwa ajili ya nauli na muda wa mshiriki hubadilika maana. Mwaka wa neema kilikuwa shukrani. Mwaka wa njaa kinakuwa chakula cha jioni. Mama aliyeondolewa kwenye mgao hatapima hatari na manufaa ya utafiti kwa mizani ile ile aliyoitumia zamani.

Kumnyima malipo si suluhisho, kwani kuchukua siku nzima ya mtu bila fidia ni dhuluma nyingine. Linalowezekana ni kamati za maadili kuvipima upya viwango vya malipo hali inapobadilika, na kuhakikisha kwamba anayejitoa katikati hapotezi stahili yake.

Milango mitatu ya ruhusa

Kisheria, hakuna mtafiti anayepaswa kuingia Nakivale kienyeji. Kwanza hupita kwenye kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa, kama ile ya Chuo Kikuu cha Mbarara. Baada ya hapo husajili utafiti wake kwenye Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na kwa kuwa makazi ya wakimbizi yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, huhitaji pia kibali cha ofisi hiyo. Tangu mwaka 2019 kuna vilevile sheria ya kulinda taarifa binafsi.

Milango hii yote, hata hivyo, iko mwanzoni mwa safari. Humuuliza mtafiti atakwendaje kwa watu. Swali la atarudije kwao, na kwa lugha gani, huachiwa zaidi dhamiri yake na bajeti yake.

Ulimwengu wa sayansi umeanza kulitambua pengo hilo. Azimio la Helsinki, mwongozo mkuu wa maadili ya utafiti wa kitabibu uliopitishwa mwaka 1964, lilifanyiwa marekebisho mapya Oktoba 2024. Sasa linazungumza juu ya “washiriki” pale lilipozoea kumtaja binadamu kama kitu kinachofanyiwa utafiti, na linataka jamii zishirikishwe kwa dhati kabla ya utafiti, wakati wake na baada yake. Haki ya mshiriki kuambiwa matokeo ya jumla ilikuwamo tayari katika toleo la mwaka 2013.

Kufungua jarida hakutoshi

Wapo watakaosema kwamba tatizo la matokeo kufungiwa linakwisha, kwa kuwa majarida mengi siku hizi husomwa bure mtandaoni. Ni kweli kwa sehemu. Utafiti wa kuwapima wakimbizi wa Nakivale virusi vya UKIMWI majumbani mwao, uliochapishwa mwaka 2018, uko katika jarida ambalo yeyote mwenye intaneti aweza kulifungua.

Lakini gharama haikutoweka. Imehamia kwa mwandishi. Jarida la Nature lilipoanza mwaka 2021 kuruhusu makala zake zisomwe bure, lilimtaka mwandishi alipe euro 9,500 kwa makala moja. Hicho ni kiwango cha juu mno na majarida mengi hutoza kidogo kuliko hapo, tena baadhi huwapa nafuu waandishi wa nchi maskini. Hata hivyo, fedha za kuchapisha huwekwa katika bajeti tangu mwanzo, kwa sababu makala ndiyo humpandisha mtafiti cheo. Muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili haumpandishi mtu cheo, na hivyo huachwa uje “fedha zikibaki”.

Na fedha hazibaki. Mei 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza kusitisha utaratibu wa ruzuku zilizokuwa zikipita kwenye vyuo vya Marekani kwenda kwa washirika wa nje, hadi mfumo mpya uandaliwe. Kwa chuo kama cha Mbarara, chenye ushirikiano wa miaka mingi na hospitali ya Massachusetts General, uamuzi wa namna hiyo si habari ya mbali. Bajeti inapokatwa, kisu huanzia kwenye kile ambacho hakuna aliyekiamuru.

Hiyo ndiyo sababu urejeshaji wa matokeo hauwezi kuendelea kuwa hisani. Ukiwa sharti la kibali, pamoja na kifungu chake cha fedha na tarehe yake, utakuwa na wa kuutetea siku ya kupunguza matumizi. Kamati ya maadili ina uwezo wa kudai muhtasari wa matokeo kwa lugha za washiriki, uliosomwa kwa sauti na kuhifadhiwa mahali panapojulikana, kabla ya kufunga faili la utafiti. Nusu saa ya redio haigharimu hata sehemu ndogo ya ada ya jarida kubwa.

Kwa Kiswahili hakuna tena kisingizio cha sera. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha utekelezaji wa azimio la kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lugha iliyopewa hadhi katika mikutano ya marais haistahili kukosa nafasi katika karatasi anayopewa mkimbizi.

Maswali ya kumuuliza mtafiti

Wakati mabadiliko hayo yakisubiriwa, msikilizaji anayebishiwa hodi na mtafiti anayo haki ya kuuliza kabla ya kutia sahihi. Ni kamati gani ya maadili iliyoidhinisha kazi hii, na nambari yake ya simu ni ipi? Nikikataa, au nikiacha katikati, kuna huduma yoyote nitakayoikosa? Nitawekwa katika kundi gani, na nani anaamua? Taarifa zangu au damu yangu itapelekwa wapi, na itatumika kwa jambo jingine baadaye? Matokeo yatarudi lini, wapi, na kwa lugha gani?

Mtafiti mwaminifu hatakasirishwa na maswali haya, kwani aliyajibu mbele ya kamati kabla hajafika mlangoni. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Nakivale, ambako mwenyeji mwenyewe alifika akiwa mgeni, sehemu ya kupona huko ni kuambiwa kwa lugha yake kile ambacho maneno yake na damu yake vimeufundisha ulimwengu.